Mgeni njoo, mwenyeji apone: maswali ya wanaohamia Unguja na Pemba kuhusu pesa zao

Maswali haya yanarudiwa sana na watu waliohamia Zanzibar kutoka Kenya, Kongo, Uganda, Komoro, Oman, Ulaya na kwengineko, ambao wanataka pesa wanazotumia zimfikie mwenyeji na zikae kwake. Tumeanza na ya msingi, mwisho tumeweka yale yanayoleta ubishi. Jibu likigusa jambo linaloelezwa kwengine, utaelekezwa kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Ninaishi hapa, ninalipa kodi ya nyumba, ninakula hapa hapa. Hiyo haitoshi?

Inategemea unachokula kimetoka wapi na kodi yako anapokea nani. Zanzibar inanunua nje sehemu kubwa ya chakula chake: mchele wa mapembe kutoka Asia, unga wa ngano, sukari, kuku wa barafu, vitunguu maji na mbatata kutoka bara. Mgeni anayejaza kapu lake kwa vitu hivyo, pesa yake inalala kisiwani usiku mmoja, asubuhi inapanda boti.

Chukua mgeni mwengine anayenunua muhogo na ndizi kwa mkulima wa Bumbwisudi. Mkulima anamlipa fundi aliyemuezekea banda, fundi anampelekea mshoni kitambaa cha sare ya skuli ya mwanawe, mshoni ananunua samaki jioni. Pesa ni ile ile, lakini imeshaingia nyumba nne kabla haijafika bandarini. Hicho ndicho kipimo tunachokitumia katika majibu yote ya ukurasa huu: itapita mikono mingapi ya wenyeji kabla haijaondoka?

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Pesa zinaingia, tena nyingi. Tatizo letu ni kukaa kwake.

2. Kipi bora: kutoa sadaka au kununua?

Sadaka ina mahali pake na thawabu yake, hakuna anayeibeza. Ila tukiulizwa ni jambo gani moja mgeni anaweza kulifanya likaleta tofauti, tunasema: awe mteja wa kudumu. Bi wa gengeni anayejua kwamba kila Jumamosi unachukua mafungu mawili ya tungule (nyanya), mchicha na ndimu, anaweza kuagiza kwa mkulima kwa uhakika, akatia mkono kwenye kupatu cha mtaani, akapanga ada. Aliyepewa elfu hamsini leo bila ya kujua kama kesho ipo hawezi kupanga chochote.

Na uwe unalipa kwa wakati. Wafanyabiashara wadogo wa hapa wanaumizwa zaidi na madeni ya watu wenye uwezo kuliko na bei ndogo.

3. Mimi ni Mtanzania kutoka Bara. Haya yananihusu?

Kisheria wewe si mgeni wa nje, na vibali vilivyotajwa katika swali la 14 havikuhusu. Yaliyobaki yanakuhusu sawasawa na mwengine yeyote, kuanzia kuripoti kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa au kijiji) unayohamia.

4. Nilipe kwa dola au kwa shilingi?

Kwa shilingi. Mwaka 2025 Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani. Hata bila ya kanuni hizo, mtu mdogo akipewa noti ya dola anaumia: ikiwa imechakaa au ni ya miaka ya nyuma inakataliwa, na akienda kubadilisha anapunjwa. Badilisha wewe, benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, umlipe kitu anachoweza kukitumia jioni hiyo hiyo. Pesa za simu nazo zinapokelewa karibu kila mahali, mpaka shamba.

## Sokoni na jikoni

5. Ninunue wapi chakula?

Mjini kuna Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, na kuna Mwanakwerekwe na Jumbi. Pemba utakwenda Chake Chake, Wete au Konde. Masoko haya yana kila kitu na bei zake ni nzuri ukifika asubuhi.

Lakini tunakushauri usilipite genge la mtaani kwako. Bei itazidi kidogo. Hiyo ziada ndiyo riziki ya jirani yako, ambaye mara nyingi ni mama mwenye watoto, na ndiye atakayekwambia maji yakikatika au mwizi akizunguka mtaani. Maandazi, vitumbua, mkate wa kumimina na mkate wa ufuta nunua kwa anayepika nyumbani kwake, na asubuhi utasikia harufu yake kabla hujaulizia nyumba ni ipi. Nenda na kikapu chako cha ukili, yaani cha majani yaliyosukwa, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku (kuhusu ukili tazama swali la 19).

6. Nitajuaje kama kitu kimelimwa hapa?

Uliza tu: "Hii ya shamba au ya bara?" Hakuna atakayeona vibaya. Muhogo, ndizi, majimbi, viazi vikuu, shelisheli, mafenesi na machungwa, aghalabu ni vya hapa hapa. Tungule, bilingani na pilipili boga vinategemea msimu. Tufaha na zabibu usijisumbue kuuliza.

Mchele una mambo yake. Unaliwa kila nyumba, lakini mwingi ni wa nje. Upo unaolimwa katika mabonde ya Cheju na Bumbwisudi, na baadhi ya mabonde ya Pemba, na ukijuana na mkulima utauziwa kwa pishi baada ya mavuno. Una chuya kidogo, unahitaji kupepetwa na kuchaguliwa, na unanukia vizuri mno ukipikwa kwa nazi.

Mgeni aliyezoea vyakula vya kwao anaweza kubadilisha kimoja kimoja: boflo na siagi asubuhi mbili za wiki ziwe muhogo wa nazi, mbatata za kukaanga ziwe shelisheli la kuchoma. Hatumwambii mtu aache kula alichokizoea.

7. Na samaki?

Nenda dikoni, mahali vyombo vinaposhusha samaki na mnada unapopigwa. Kwa mtu mmoja anayetaka changu wawili, mnada si mahali pake. Samaki wanauzwa kwa mafungu makubwa na wachuuzi wanajuana. Mngoje mchuuzi anunue, kisha nunua kwake. Usimruke ukadhani unamsaidia mvuvi, maana mchuuzi naye ana watoto, tena ndiye anayemhakikishia mvuvi kuwa samaki wake hawataoza.

Samaki wachanga, kamba wenye mayai na pweza wadogo usivinunue hata vikiwa rahisi. Katika baadhi ya vijiji, Kisiwa Panza huko Pemba kikiwa kimojawapo, watu wenyewe wamejiwekea utaratibu wa kufunga mwamba kwa muda ili pweza wakue, kisha unafunguliwa kwa siku maalumu na kila mtu anavua. Kijiji kikiwa kimefunga, mkahawa au mgeni anayetafuta pweza wa mlango wa nyuma anavunja kazi ya miezi ya wenzake.

Jambo ambalo wageni kutoka Kongo wanalifahamu kuliko wengine: dagaa wanaochemshwa na kuanikwa Unguja wanasafirishwa mpaka kwenu. Nyuma ya kila gunia kuna wanawake waliosimama juani kuchemsha, kuanika na kuchambua. Ukitaka kuingia katika biashara hiyo, ingia kama mnunuzi anayelipa papo hapo kwa bei ya siku, usiwe mkopeshaji anayefunga mzigo wa mtu kabla haujaanikwa.

8. Nahisi napewa bei ya mgeni. Nifanye nini?

Inatokea, khasa mjini na kwenye vijiji vya hoteli. Dawa yake ni mazoea. Salimia kabla hujauliza bei: aliyekuzidi umri mwambie shikamoo, muite Bi Mkubwa au Mzee, fundi muite fundi, mwalimu wa chuo cha Kurani muite maalim. Uliza hali ya nyumbani. Mtu aliyekusalimia mara tatu inamuwia vigumu kukupandishia bei mara ya nne.

Kwenye genge, mafungu yana bei yake na wenyeji hawashindani sana, wanaomba kuongezewa. Sema "niongeze kidogo" na utaongezewa ndimu moja au pilipili mbili. Kwenye vitu vya mapambo na nguo kushindana ni kawaida. Tunachoomba ni kimoja: usimkamue mtu kwa shilingi mia tano ambayo kwako haina kazi, na kwake ni nauli ya daladala.

9. Ramadhani mikahawa inafungwa mchana. Nitasaidiaje wakati huo?

Ramadhani ndio mwezi wa biashara kubwa ya chakula. Mihogo, ndizi, majimbi, tambi na tende vinatafutwa kila nyumba na bei zinapanda. Nunua futari kwa wanaopika mitaani baada ya alasiri, na wewe usiyefunga kula mchana ndani kwako. Usinunue kwa wingi wiki ya mwanzo ukaweka kwenye friji, maana unawapandishia bei wasio na friji.

Ukiwa na mfanyakazi, mpunguzie saa bila ya kumpunguzia mshahara. Mlipe kabla ya sikukuu, maana nguo za watoto zinashonwa kabla ya mwezi kuandama. Mshahara unaofika siku ya pili ya Idi umeshapitwa na shughuli yake.

## Nyumba na ardhi

10. Je, sisi wageni tunapandisha kodi za nyumba?

Ndiyo, na ni vizuri tuliseme wazi. Katika vijiji kama Paje, Jambiani na Nungwi, na ndani ya Mji Mkongwe, mwenye nyumba akishaona mgeni analipa mara tatu, mwalimu wa skuli au muuguzi hapati tena chumba karibu na kazi yake.

Huwezi kuumaliza mwenendo huu peke yako, lakini yapo unayoweza. Panga kwa Mzanzibari mwenye nyumba yake, si kwa dalali aliyekodi nyumba kumi ili azipangishe upya. Ulizia kodi ya kawaida ya mtaa kwa majirani wawili watatu kabla hujakubali. Hapa ni kawaida kuombwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Ukiweza, lipa hivyo, kwani mwenye nyumba mara nyingi anaitumia kumalizia ujenzi. Mkataba uandikwe na sheha ajue. Ukitaka nyumba ya kupangisha watalii kwa siku, hiyo ni biashara ya utalii na inataka leseni ya Kamisheni ya Utalii. Anayeifanya kimya kimya anamuumiza mwenye nyumba ndogo ya wageni aliyelipia kila kitu.

11. Naweza kununua ardhi?

Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Asiyekuwa raia hamiliki ardhi. Anaweza kukodishwa na Serikali kwa mkataba, na uwekezaji unapitia Mamlaka ya Kukuza na Kulinda Uwekezaji, ZIPA. Fleti katika majengo yaliyosajiliwa kwa utaratibu huo zinaruhusiwa kwa wageni.

Anayekwambia "nipe pesa, tuandike kwa jina la mke wako au la rafiki yako" anakuweka pabaya wewe na anaiweka pabaya familia yake. Kumbuka pia kwamba hapa mtu anaweza kumiliki mti bila ya kumiliki ardhi uliposimama. Minazi na mikarafuu ina wenyewe, na mashamba mengi ni ya eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambayo sasa yana warithi wengi. Aliyekuuzia mmoja, wenziwe kumi hawajasema neno.

Ukishakodi kiwanja cha pwani, usizibe njia. Wanawake wa mwani na wavuvi wanapita hapo kufuata maji, na walikuwa wakipita kabla ya uzio wako.

12. Natengeneza nyumba Mji Mkongwe. Nitumie mafundi gani?

Wa hapa. Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ukarabati unahitaji idhini ya mamlaka ya hifadhi ya mji. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake ni za boriti. Saruji inazifungia unyevu ndani na kuziharibu. Mafundi wa chokaa na wachongaji wa milango wapo, lakini wanazeeka, na kijana hajifunzi kazi isiyokuwa na wateja. Kwa hivyo katika makubaliano na fundi, tia na kijana wa kujifunza na malipo yake. Lipa kwa hatua, kazi ikikaguliwa. Fundi akitaka zote mwanzo, kataa kwa upole na umnunulie vifaa wewe mwenyewe.

## Kazi na biashara

13. Nataka kumuajiri msaidizi wa nyumbani. Utaratibu ukoje?

Muandikie mkataba, hata wa ukurasa mmoja: kazi, saa, siku ya mapumziko, likizo, mshahara na tarehe ya kulipwa. Sheria ya Ajira ya Zanzibar ni Namba 11 ya mwaka 2005, na kima cha chini cha mshahara kinatangazwa na Serikali. Kichukue kuwa sakafu, usikichukue kuwa dari. Muandikishe ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, mwajiri achangie fungu lake na mfanyakazi lake.

Wageni wengi wanaliruka hili la ZSSF wakidhani wanamfanyia wema mtu kwa kumpa pesa yote mkononi. Wema huo unaisha siku akiugua mgongo ana umri wa miaka hamsini. Ikiwa anakuja kwako siku mbili tu za wiki na kwa wengine siku nyengine, mwambie kuna mpango wa kuchangia kwa hiari kwa waliojiajiri, na umsaidie kuchangia.

Usimuite "housegirl" wala "mtoto wa kazi". Ana jina, na akiwa mtu mzima ni Bi fulani.

14. Mimi ni raia wa nchi ya Afrika Mashariki. Bado nahitaji kibali?

Ndiyo. Uraia wa Kenya, Uganda au Kongo haukuondolei haja ya kibali. Cha kazi kinatoka Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar, cha kuishi kinatoka Idara ya Uhamiaji. Kabla kibali hakijatolewa itaulizwa kama kazi hiyo hakuna mwenyeji wa kuifanya. Swali hilo ni la haki. Jiulize mwenyewe kabla hujaulizwa.

15. Nataka kufungua biashara. Ipi haitamnyang'anya mwenyeji riziki?

Tungependa ufungue inayonunua kwa mwenyeji, uache ile inayouza badala yake. Mgahawa mwengine wa ufukweni wenye mpishi, jibini na viti vya kutoka nje hautuongezei kitu ila kelele. Lakini sehemu ya kukausha matunda, ghala la baridi la mboga za wakulima, karakana ya kutengeneza mashine za mabanda ya kuku, au anayejua soko la mwani uliosindikwa huko kwao, huyo tunamuhitaji.

Hoteli nyingi zinasema zinashindwa kununua kwa wakulima wa hapa kwa sababu mzigo hauji kwa uhakika, na wakulima wanasema hoteli zinalipa baada ya miezi miwili au mitatu. Wote wawili wanasema kweli. Mtu atakayekaa katikati, akamlipa mkulima siku ile ile na akaifikishia hoteli kiasi kile kile kila wiki, atafanya biashara nzuri na ataifaa nchi.

Usiingie kwenye genge, chipsi, bodaboda, kusuka nywele au kutembeza watalii. Hizo ndizo ngazi za mwanzo za kijana asiyekuwa na mtaji. Na ukifungua chochote, toa risiti ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato. Ukiwa mnunuzi, dai yako.

16. Ninafanya kazi mtandaoni kwa kampuni ya nje. Nasaidia nini?

Unaleta pesa kutoka nje bila ya kumchukulia mtu kazi, na hilo ni zuri. Hakikisha tu hadhi yako ya ukaazi iko sawa Uhamiaji, kisha rudi swali la 1 na la 5.

## Mazao na kazi za mikono

17. Nimesikia habari za mwani. Ninaweza kusaidia vipi?

Mwani ulianza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wengi ni wanawake. Wanapiga vigingi kwenye maji ya kina kifupi, wanafunga vipande kwenye kamba, na kazi inafuata bamvua, maji yanapotoka mbali na kuacha mashamba wazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanawake wengi wa vijiji hivyo kushika pesa yao wenyewe, na nyumba nyingi za matofali za pwani hiyo zimejengwa kwa pesa za mwani.

Mwani mkavu unauzwa nje, unatolewa kitu cha kugandishia kinachotumika katika dawa ya meno, vipodozi na vyakula. Bei ya kilo ya mwani mkavu ni ndogo mno ukilinganisha na jua, chumvi na mgongo uliopinda. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, inakufa maji ya kina kifupi yanapopata joto, na maji yanazidi kupata joto. Wengi wamebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ya chini.

Kwa hivyo faida iko kwenye kusindika. Vipo vikundi vya wanawake vinavyotengeneza sabuni, unga wa mwani, mafuta na hata jamu. Nunua sabuni ya nyumbani kwako kwao, mwaka mzima. Wageni wakija kukutembelea, wape hizo kama zawadi. Ukiwa na nyumba ya wageni, acha sabuni ndogo ndogo za kutoka nje. Na ukiwa na ujuzi wa lebo, vipimo vya ubora au mauzo ya nje, huo ni msaada kuliko fedha. Kupiga picha mama aliyeinama shambani bila ya kumuomba ruhusa si msaada.

18. Naweza kununua karafuu moja kwa moja kwa mkulima wa Pemba?

Hapana. Karafuu zinanunuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kununua pembeni ni magendo. Mgeni anayekamatwa na gunia hatasikilizwa kwamba alikuwa anasaidia.

Unachoweza ni kununua karafuu zilizofungwa za matumizi ya nyumbani, na mafuta. Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo kinachokamua mafuta ya karafuu na ya majani mengine. Msimu wa kuchuma ukifika, wachumaji wanalipwa kwa pishi, kijiji kizima kinanuka karafuu na majamvi yametandazwa kila uwanja. Ukipita na gari, usikanyage jamvi la mtu. Viungo vyengine, yaani mdalasini, hiliki, pilipili manga na manjano, havina kizuizi hicho. Nunua kwa wakulima wa Kizimbani, Kindichi au Dole wenyewe.

19. Zawadi na vitu vya mapambo: vipi ni vya hapa kweli?

Vinyago na picha nyingi za mtaa wa Gizenga zimetengenezwa bara au Kenya. Kanga nyingi zinachapwa India. Muuzaji ni jirani yako na anastahiki kuuza, ila ukitaka mkono wa Mzanzibari tafuta vikapu, misala na makawa (vifuniko vya chakula) ya ukili, kofia za kiua zinazotiwa nakshi kwa sindano wiki baada ya wiki, makasha, na milango ya kuchonga. Kanga nunua popote, kisha mpelekee fundi cherahani wa mtaani.

Kofia ya kiua nzuri ni ghali. Usishangae bei, hesabu macho yaliyotumika.

## Yanayoleta ubishi

20. Majirani wananikopa. Nikubali?

Hapa watu wanasaidiana. Harusi, khitma na ugonjwa vina michango yake, na ukiishi mtaani utaguswa. Changia kama jirani, kwa kiwango cha jirani. Ukitoa mara kumi ya wengine, unamvunjia heshima mwenye shughuli na kujitenga.

Mikopo ni jambo jengine. Kwa mfanyakazi wako, mpe mshahara wa mbele na muandikiane. Kwa mwenye biashara, badala ya mkopo, agiza na ulipe mapema nusu ya oda yako. Usikopeshe kwa riba kabisa. Hapa ni haramu na utaharibu jina lako. Vikundi vya hisa, watu wanakoweka na kukopeshana, vipo karibu kila shehia, na mara nyingi anayekuomba laki mbili anahitaji zaidi kiingilio cha kikundi.

21. Nataka kujitolea skulini. Si msaada huo?

Kujitolea nako kunahitaji kibali. Kisha uliza: ninachofanya, yupo mhitimu wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, asiyekuwa na kazi anayekiweza? Kama yupo, mchangieni posho afundishe yeye, nawe mfundishe kile asichokijua. Kupaka rangi darasa ni kazi ya fundi rangi wa kijijini. Nunua rangi, umlipe.

22. Nakaa Pemba, hakuna watalii wengi. Ushauri ni ule ule?

Karibu ni ule ule, lakini mzunguko ni mdogo na kila mnunuzi anahesabika. Ukikosa kitu Chake Chake, kabla hujaagiza Unguja muulize fundi kama anaweza kukitengeneza. Wageni wako wapeleke kisiwa cha Misali, msitu wa Ngezi, au Kidike kwenye popo wa Pemba, walipe viingilio na wakodi vyombo vya wenyeji. Unguja hali kadhalika: sehemu ya kiingilio cha msitu wa Jozani inagaiwa kwa vijiji vinavyoizunguka, kwa hivyo kiingilio hicho kilipe kikamilifu na udai tiketi.

23. Mkataba wangu unaisha, nahama. Nifanye nini na mfanyakazi wangu na vitu vyangu?

Mjulishe mfanyakazi mapema kuliko muda wa notisi ulio kwenye mkataba, miezi mitatu ikiwezekana. Mtafutie kazi kwa mgeni mwengine kwa mshahara usiopungua. Mlipe likizo alizobakisha na stahiki zake za kuachishwa, muandikie barua ya sifa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na uhakikishe michango yake ya ZSSF imefika mpaka mwezi wa mwisho. Aipate taarifa yake mkononi kabla hujapanda boti.

Wauzaji wako wa kudumu nao waambie, khasa mkulima anayepanda kwa kukutegemea. Mkutanishe na atakayehamia nyumba yako. Vyombo na samani viuze mtaani kwa bei ya mtaani, na umpe mfanyakazi wako nafasi ya kuchagua kwanza. Friji na jiko usimpe mtu bila ya maandishi, kwani bandarini au njiani ataulizwa kavipata wapi. Andika karatasi, mtie saini wote wawili, na nakala moja ibaki kwa sheha.